Darubini ya bunduki na pete zinazotoka: namna zinafungwa na namna zinajaribiwa

Darubini ya bunduki ni bomba la chuma lenye vioo ndani, linalowekwa juu ya bunduki ili mwenye kulenga aone mnyama wa mbali kwa wazi, na aone pia kitu kilicho nyuma ya mnyama huyo. Mu Lubumbashi bantu mingi banaiita luneti, sawa vile banaita luneti ya macho. Darubini haikai peke yake juu ya bunduki. Inashikwa na pete mbili, moja mbele na moja nyuma, na pete hizo zinashika reli au vikalio vilivyofungwa kwa visi juu ya mwili wa bunduki.

Kuna pete za kudumu, zile mtu anafunga mara moja na kuziacha miaka. Kuna pia pete zinazotoka: pembeni zina mkono mdogo, unauzungusha kwa vidole, na darubini yote inatoka pamoja na pete zake bila turnevisi. Ukimaliza safari unairudisha juu.

Kutoka ni jambo rahisi. Hata pete mbovu inatoka. Kazi ngumu ni kurudi palepale ilipokuwa. Pete isiyorudi pahali pake inamdanganya mwenye bunduki: macho yake yanaona msalaba umekaa sawa juu ya mnyama, lakini risasi inaenda kwingine. Makala hii inaeleza namna pete hizi zinafanya kazi, namna zinafungwa, na namna ya kujua kama zinastahili kuaminiwa.

Habari hii inagusa nani

Komini ya Kenya ni komini ya soko, ya stadi ya Kibassa Maliba na ya bafundi ba kila aina. Pori haliko hapa. Lakini familia nyingi zina ndugu upande wa Kasenga, Pweto na Mitwaba, kule miombo inaanza nyuma ya nyumba. Kuna wenye bunduki ya kuwinda yenye kibali, kuna waliowahi kuongoza wawindaji, na kuna wenye mtoto au shemeji aliye mlinzi wa hifadhi. Haut-Katanga iko na jina mu mambo ya wanyama: Hifadhi ya Upemba iliundwa 1939, na ile ya Kundelungu, kaskazini ya Lubumbashi, iliundwa 1970. Punda milia wa mwisho wanaoishi porini mu Kongo yote wako upande huu.

Hata asiyeshika bunduki anaguswa. Nyati aliyepigwa vibaya jioni anaamka asubuhi akiwa bado na risasi mwilini, na mtu wa kwanza kukutana naye mara nyingi si mwindaji. Ni mama anayeenda kutafuta kuni, ao mtoto anayepita njia ya mto.

Hesabu ya karatasi moja

Njia rahisi ya kuelewa shida ni kuchukua karatasi ya daftari la shule. Unene wake ni karibu milimita 0.1. Tuseme pete mbili ziko mbali kwa sentimita 12, moja na nyingine. Umetoa darubini, umeirudisha, na chini ya pete ya nyuma kumebaki uchafu kidogo wenye unene wa karatasi hiyo moja. Kwa macho huoni kitu. Kwa kidole ni shida kusikia. Lakini darubini imeinama.

Ku mita 100, kuinama huko kunakuwa kosa la sentimita 8 hivi. Ku mita 200, ni karibu sentimita 17. Sasa fikiria swala wa ukubwa wa katikati: sehemu ya moyo na mapafu, ile inaua mnyama mara moja bila kumtesa, ina upana wa sentimita 20 hivi. Ukilenga katikati yake, una sentimita 10 tu kila upande. Karatasi moja imekula 8. Kilichobaki ni kidogo, na bado kuna mkono unaotetemeka, upepo, na mnyama anayepiga hatua.

Njo maana wenye kujua kazi hii wanasafisha reli kwa kitambaa kila mara kabla ya kurudisha darubini. Mchanga wa njia yetu ya kiangazi ni adui mkubwa kuliko mvua.

Zilitoka wapi

Pete zinazotoka si kitu cha leo. Kabla ya vita ya 1914, mafundi wa Ujerumani na Austria, hasa wa miji ya Suhl na Ferlach, walikuwa wanatengeneza vishikio vyenye kucha. Kucha za mbele zinaingia mu tundu, kisha sehemu ya nyuma inashuka na kujifunga. Kila kishikio kilikatwa kwa mkono juu ya bunduki moja tu. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi na bei yake ilikuwa kubwa, lakini darubini ilirudi pahali pake vizuri sana. Wawindaji wa Ulaya walikuja nazo mpaka Afrika ya Mashariki.

Mu Kongo, bunduki nyingi za zamani zina asili ya Ubelgiji. Kiwanda cha FN kilianzishwa 1889 ku Herstal, karibu na Liège, kwanza juu ya kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki za Mauser, na baadaye kilitengeneza pia bunduki za kuwinda. Bunduki ya Mauser ya zamani haikufikiriwa kwa darubini. Juu yake hakuna matundu ya visi. Komeo lake, ukilifungua, linapanda juu na kugonga darubini iliyofungwa chini. Na kizuizi cha usalama kiko nyuma ya komeo, nacho kinapanda juu, palepale darubini inataka kukaa. Mtu aliyerithi bunduki ya aina hiyo kwa babu yake asifikiri kwamba kununua darubini kunatosha. Kutoboa chuma na kubadilisha komeo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali.

Baadaye Wamarekani walileta njia ya bei ndogo. William Weaver alianza kuuza darubini yake mu 1930, na reli yenye jina lake ikaenea. 1995 jeshi la Marekani liliweka kipimo kimoja cha reli, kinachoitwa Picatinny. Reli hizi mbili zinafanana mpaka mtu anazichanganya, lakini si sawa. Mfereji wa Picatinny una upana wa milimita 5.23; ule wa Weaver ni mwembamba zaidi, milimita 4.57 hivi. Kwa kawaida pete ya Weaver inaingia mu reli ya Picatinny. Pete ya Picatinny mara nyingi inakataa kuingia mu reli ya Weaver, na mwenye haraka anaisukuma kwa nguvu mpaka inaharibika.

Kuna pia bunduki zenye reli yake kutoka kiwandani, iliyochongwa mu chuma chenyewe. CZ 550 ya Ucheki, bunduki inayojulikana sana mu Afrika, ina reli ya milimita 19. Ruger M77 ya Marekani ina vikalio vyake vya pekee. Kwa bunduki hizo unatafuta pete za aina ileile tu. Hakuna pete ya kuingia kila mahali.

Kwa nini mtu anataka itoke

Kama kutoa darubini kunaleta hatari, kwa nini isibaki juu? Kuna sababu nne za kweli.

Ya kwanza ni pori zito. Darubini inasaidia mbali. Lakini mnyama mkubwa aliyejeruhiwa akiingia mu majani marefu, mwenye kumfuata anaweza kukutana naye ku mita 10. Hapo darubini inamfunga macho: anaona manyoya tu, hajui kama ni bega ao tumbo. Anahitaji vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu, na anavihitaji mara moja.

Ya pili ni njia. Kutoka Lubumbashi mpaka Mitwaba mutuka inaruka siku nzima. Darubini iliyofungwa mu sanduku lake, ndani ya kitambaa, inafika nzima kuliko ile iliyogonga chuma cha mutuka njia yote.

Ya tatu ni kuvunjika. Darubini ikianguka na kioo kikapasuka, mwenye pete zinazotoka anaitoa na kuendelea na vilengeo vya chuma. Mwenye pete za kudumu bila turnevisi amemaliza safari.

Ya nne ni darubini mbili juu ya bunduki moja: ndogo ya pori, kubwa ya uwanda, kila moja ikiwa na pete zake, na kila moja imepimwa mbele ya safari.

Kama hakuna hata sababu moja kati ya hizi inayokuhusu, pete za kudumu ni bora. Bei yake ni ndogo na hazina kitu cha kulegea.

Namna ya kufunga

Kabla ya kitu chochote, bunduki iwe tupu. Toa sanduku la risasi, fungua komeo, angalia kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo mu chumba cha risasi, juu ya giza macho yanadanganya. Toa komeo kabisa na uliweke pembeni. Risasi zote zibaki mu chumba kingine cha nyumba. Watoto watoke.

1. Safisha mafuta. Visi, matundu ya visi na chini ya vikalio visiwe na mafuta hata kidogo. Visi yenye mafuta inajifungua yenyewe, juu bunduki ya kuwinda inapiga teke kubwa.

2. Funga vikalio. Tumia turnevisi inayojaa sawasawa mu kichwa cha visi. Tia tone moja la gundi ya visi, ile ya bluu inayouzwa kwa bafundi ba mutuka. Ile nyekundu usitumie: inataka moto kuifungua. Angalia urefu wa kila visi. Visi ndefu ikiwekwa ku tundu la mbele inaweza kugusa komeo na kulizuia kufunga.

3. Chagua urefu wa pete. Darubini ikae chini iwezekanavyo, bila kugusa mtutu na bila kuzuia komeo. Ikikaa juu sana, shavu linaacha kitako cha bunduki na kichwa kinaelea. Bomba la darubini lina upana wa milimita 25.4 ao milimita 30. Pete ziwe za upana uleule.

4. Weka nusu za chini za pete juu ya reli na ufunge mikono yake. Hapa kuna jambo bantu mingi banasahau: kabla ya kufunga mkono, sukuma pete mbele, upande wa mdomo wa mtutu, mpaka iguse ukuta wa mfereji. Bunduki ikipiga, yenyewe inarudi nyuma kwa nguvu na darubini inataka kubaki, sawa abiria wa taxi-bus wakati gari linaruka mbele. Kwa hiyo juu ya reli darubini inajisukuma mbele. Kama pete imekwisha kugusa ukuta wa mbele, haina pahali pa kwenda. Kama imeacha nafasi, kila risasi itaisogeza.

5. Pima umbali wa jicho. Funga macho, weka bunduki begani sawa vile unaiweka siku zote, kisha fungua macho. Picha ijae kioo bila kivuli cheusi pembeni. Kwa kawaida jicho linakaa sentimita 8 mpaka 10 nyuma ya kioo. Darubini ikikaribia zaidi, teke la bunduki linapasua nyusi. Wawindaji wengi wakubwa wana alama hiyo ya nusu mwezi juu ya jicho. Kama darubini inaweza kuongeza ukubwa wa picha, pima jicho ikiwa imewekwa ku ukubwa wa juu.

6. Simamisha msalaba. Ning'iniza kamba yenye jiwe ku mlango, mbele yako, sawa bafundi ba kujenga wanafanya wakipima ukuta. Bunduki ikiwa imesimama sawa, zungusha darubini mpaka mstari wa msalaba ufuate kamba. Msalaba ulioinama unadanganya zaidi kadiri umbali unaongezeka.

7. Funga nusu za juu. Visi zifungwe kwa zamu, kwa njia ya msalaba, kidogo kidogo, sawa fundi anavyofunga kulasi ya motere. Nafasi kati ya nusu ya juu na ya chini iwe sawa pande zote mbili. Nguvu ni ndogo: nyutoni-mita 2 hivi, yaani mkono mmoja juu ya turnevisi fupi. Anayefunga kwa nguvu zote anabana bomba, na darubini iliyobanwa ndani inaacha kufuata marekebisho yake.

Kulenga kwa mara ya kwanza

Kazi hii inafanyika ku uwanja wa kulenga wenye ruhusa, na ukuta wa udongo nyuma ya karatasi. Haifanyiki nyuma ya nyumba, wala pembeni ya barabara.

Anza karibu, ku mita 25. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, toa komeo, na uangalie ndani ya mtutu kwa upande wa nyuma mpaka uone katikati ya karatasi. Bila kusogeza bunduki, zungusha marekebisho ya darubini mpaka msalaba nao uonyeshe katikati hiyohiyo. Rudisha komeo, piga risasi moja, sahihisha. Kisha nenda mita 100.

Kila darubini ina vijinoti vinavyolia ukizungusha. Mu darubini nyingi za Ulaya, mlio mmoja unasogeza risasi sentimita 1 ku mita 100. Mu nyingi za Marekani, unasogeza milimita 7 hivi. Ku mita 25 mlio uleule unasogeza robo tu ya kiasi hicho, kwa hiyo unahitaji milio mara nne zaidi. Mshale ulioandikwa unaonyesha upande ambao risasi itaenda, si upande wa msalaba. Usirekebishe kwa kufuata risasi moja. Piga tatu, tafuta katikati yake, kisha zungusha.

Jaribio la kurudi

Hapa njo pete zinaonyesha ukweli wake. Wauzaji wote wanaandika ku sanduku kwamba pete zao zinarudi pahali pake. Karatasi tu ndiyo inasema kweli.

Piga risasi tatu ku mita 100. Acha bunduki ipoe. Toa darubini kabisa, iweke chini, hesabu mpaka mia. Futa reli, rudisha darubini mu mfereji uleule, sukuma mbele, funga mikono. Piga tatu tena juu ya karatasi ileile. Rudia mara ya tatu na ya nne. Mwisho una vikundi vinne vya risasi tatu.

Kama katikati za vikundi vyote ziko ndani ya sentimita 2 ao 3, pete hizo ni za kufanya nazo kazi. Kama kila kundi limeenda upande wake, sentimita 6 huku na 9 kule, hakuna dawa ya kuzungusha vijinoti. Unasahihisha leo, kesho zinahama tena. Zirudishe kwa muuzaji, ao uzifunge na usizitoe tena.

Kuna jambo la katikati pia: kundi la kwanza liko pahali pamoja, na matatu yaliyofuata yote pahali pengine pamoja. Hiyo inaonyesha pete zilikuwa hazijakaa vizuri mara ya kwanza. Rekebisha kwa kufuata matatu ya mwisho, kisha jaribu upya.

Ukishajua mfereji gani unatumia, weka alama ndogo ya rangi ku reli. Usiku mu tente, kosa la mfereji mmoja ni rahisi, na mfereji mmoja wa Picatinny ni milimita 10 nzima: jicho halitakuwa pahali pake na risasi pia.

Mwisho jaribu vilengeo vya chuma. Darubini ikitoka, je, vikalio vinavyobaki vinaziba macho? Je, vilengeo vyenyewe vimewahi kupimwa? Mtu anayetoa darubini mbele ya nyati na kugundua hapo kwamba vilengeo vyake vinapiga sentimita 30 kushoto amechelewa.

Makosa ya ufundi wa mtaani

Bafundi ba Lubumbashi banajua kufufua kitu chochote, kuanzia motere ya mutuka mpaka redio. Lakini kuna mambo manne hayafai kwa pete.

Kuweka kipande cha mkebe chini ya pete iliyolegea. Aluminiamu ya mkebe inajibana polepole, na baada ya risasi kumi unene wake umebadilika.

Kuchomelea kikalio kwa umeme. Moto unaondoa ugumu wa chuma palepale komeo linafungia. Hapo njo nguvu yote ya risasi inasukuma. Bunduki ya namna hiyo inaweza kupasuka mbele ya uso.

Kufunga mkono wa pete kwa koleo. Mkono umepimwa kwa vidole. Kama hauwezi kukaza kwa vidole, visi yake ya kurekebisha imelegea ao mkono umekwisha.

Kuweka darubini ya bunduki ya upepo juu ya bunduki ya kuwinda. Kwa macho zinafanana. Ndani, vioo vya ile ya bei ndogo havijashikwa kwa teke la bunduki kubwa, na vinahama kwa risasi chache. Na gobore, kama vile kalibre 12 ya kokoto, haina faida na darubini ya aina hii: risasi zake hazifiki mbali kwa usahihi wa kuhitaji kioo.

Bunduki isiyoua

Pete hizihizi ziko pia juu ya bunduki ya waganga wa wanyama, ile inapiga sindano ya usingizi. Nchi ya Kenya, si komini yetu, ilifunga uwindaji wa starehe 1977. Lakini waganga wa shirika lake la wanyama, KWS, lililoanzishwa 1989, wanatumia bunduki za sindano kila mara kutoa mitego ya waya ku miguu ya tembo na kutibu vifaru. Tanzania, ambayo imeendelea kuruhusu uwindaji wenye kibali, ina kanuni ya kalibre kubwa, kuanzia .375, kwa wanyama wa hatari kama nyati.

Sindano inaruka polepole kuliko risasi, na kwa kawaida inapigwa ku makumi machache ya mita. Mganga anabadilisha nguvu ya gesi kufuatana na umbali. Kwa hiyo darubini yake inapimwa kwa kila nguvu, na inaandikwa mu daftari. Sindano ikipiga mfupa ao tumbo pahali pa nyama ya paja ao bega, mnyama anaumia na usingizi haufiki. Dawa inayotumika kwa tembo, etofini, ni kali kuliko mofini mara maelfu. Tone lake likiingia mu mwili wa mtu linaweza kumuua, na waganga wanakwenda na dawa ya kuizuia mfukoni. Sindano iliyokosa ikabaki mu majani inaweza kumuua mpita njia. Kwa mganga pia, pete iliyohama kwa unene wa karatasi si jambo dogo.

Sheria inasema nini

Mu Kongo, uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982. Silaha na risasi ziko chini ya amri-sheria namba 85/035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985. Ulinzi wa viumbe uko mu sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014. Kwa lugha ya kawaida: bunduki inahitaji kibali chake, kuwinda kunahitaji kibali kingine, na kimoja hakichukui pahali pa kingine. Silaha ya vita haiwezi kuwa ya raia, hata iwe na darubini ya kuwindia juu yake. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa, na kibali cha nje hakifungui mlango huo.

Mbele ya kununua pete ao kupeleka bunduki kwa fundi, mwenye kibali aulize ofisi iliyomuandikia, na fundi aonyeshe kibali chake cha kutengeneza silaha.

Kwa kukumbuka

Pete ziwe za reli yako na za upana wa bomba lako. Visi bila mafuta, kwa zamu, kwa nguvu ndogo. Pete isukumwe mbele kabla ya kufunga mkono. Reli ifutwe kila mara. Vikundi vinne juu ya karatasi kabla ya safari, na risasi moja ya kuhakikisha ukifika, pahali panaporuhusiwa, juu njia ya siku nzima inaweza kulegeza kitu. Kama risasi hiyo moja imeenda pembeni, uwindaji wa siku hiyo usimame kwanza. Mnyama atakuwepo kesho. Na kama umekwisha kumjeruhi, kumfuata mpaka mwisho ni kazi yako, na kuambia kijiji cha karibu mara moja ni deni lako kwa watu watakaopita njia ile asubuhi.